Bibi Haingii Chumba cha Taa

Sheria ilikuwa moja, na aliitunga yeye mwenyewe: bibi haingii. Mama mzazi aingie, anyonyeshe, akae akipenda. Baba aingie akishanawa mikono na kufunga mdomo. Lakini bibi mzaa mama, bibi mzaa baba, bibi wa kufikia, bibi aliyekuja na chupa ya chai na bibi aliyekuja na machozi, wote mwisho wao ulikuwa benchi la ukumbini. Karatasi ilibandikwa mlangoni kwa maandishi manene, ili hata aliyesahau miwani nyumbani asipate kisingizio.

Mwenye sheria hiyo alikuwa muuguzi wa watoto wachanga, mwanamke mfupi, mnene kiasi, mwenye mwendo wa mtu anayekimbilia maziwa yasifurike jikoni. Jina lake la vyeti lilikuwa limeshasahaulika. Hospitali nzima ilimwita Mama Taa, kwa sababu alisimamia chumba kidogo chenye taa za bluu, wanakolazwa watoto waliozaliwa na kugeuka manjano. Alikipenda chumba kile kuliko sebule yake. Mumewe alikuwa akisema kwamba siku akiugua atajipaka binzari mwili mzima, labda naye ataangaliwa.

Msidhani aliwachukia mabibi. Aliwajua, na hilo ni jambo jingine kabisa. Kabla ya sheria hiyo mabibi waliingia na kutoka kama nyuki mzingani, na kila mmoja alikuja na elimu yake. Yupo aliyefungua mwavuli juu ya kitanda cha mtoto, akiogopa jua la bandia lisimchome mjukuu wake. Mwingine alimhamishia mtoto dirishani, kwa hoja kwamba jua la Mungu haliwezi kushindwa na la fundi umeme. Aliyefunga kazi ni bibi mmoja mpole, mwenye sauti ya kubembeleza, ambaye wauguzi walipogeuza mgongo alimvalisha mtoto sweta, kofia, soksi na glavu, kisha akamfunika shali hadi kidevuni. Mama Taa aliporudi alimkuta mtoto amelala raha mustarehe, taa inawaka kwa nguvu zake zote, na sehemu pekee ya mwili iliyokuwa ikipata matibabu ni pua.

"Bibi," alimwuliza, "tunatibu pua?"

"Alikuwa anaona baridi, mwanangu."

"Alikuambia?"

"Mimi nimelea tisa."

"Basi huyu wa kumi niachie mimi."

Siku hiyohiyo karatasi ilipanda mlangoni.

Alikuwa na sababu, na sababu yake aliieleza vizuri. Kila mama mzazi aliyeletwa chumbani pale akiwa na hofu machoni alipewa somo lilelile, na wauguzi wenzake walilijua kwa moyo.

"Ini la mtoto mchanga ni kama karani aliyeajiriwa leo," alisema. "Damu iliyochakaa inaletwa mezani kwake kila saa, na yeye bado anatafuta kiti cha kukalia. Mafaili yanarundikana. Hayo mafaili ndiyo hiyo manjano mnayoiona kwenye macho na ngozi. Sasa taa hii ni karani wa kibarua. Inapita kwenye ngozi, inayakata mafaili vipande vidogo, na mwili unayatupa nje kwa mkojo na kinyesi. Kwa hiyo ukikuta nepi imejaa, usikunje uso. Piga makofi."

"Na mafaili yakizidi, nesi?"

Hapo aliacha mzaha. "Yakizidi sana yanapanda kichwani, na yakifika huko hayarudi. Ndiyo maana mtoto analala uchi na nepi yake tu, macho tumemfunika, na hatolewi ila kunyonya na kusafishwa. Taa inataka ngozi. Haitibu sweta, haitibu shali, na haimtibu mtoto aliye mikononi mwa shangazi."

Alikuwa na kauli nyingine aliyoipenda. Mtoto akishakaa chini ya mwanga ule, ngozi yake hupauka haraka, akaonekana amepona hali ndani bado. "Jicho ni shahidi wa uongo humu ndani," alisema. "Tunapima damu." Na damu yenyewe ilitolewa taa ikiwa imezimwa, kwa sababu mwanga ule hauchagui. Unaifanyia kazi hata manjano iliyomo kwenye kichupa.

Huyo ndiye Mama Taa, na kwa miaka mingi hakuna aliyemkuta na kosa. Mtu wa namna hiyo ana hatari yake. Anayewasimamia wengine kwa muda mrefu bila kusimamiwa mwishowe huanza kudhani kwamba sheria na yeye ni kitu kimoja.

Kisha akapata mjukuu.

Mwanawe wa pekee alikuwa ameoa, na mkaza mwana huyo alijifungua mtoto wa kiume kwa upasuaji, katika hospitali hiyohiyo, wodi ya jirani. Mama Taa alitembea ukumbini siku hiyo kana kwamba yeye ndiye aliyejifungua. Wafagizi walipewa habari, wapishi walipewa habari, hata mgonjwa mmoja wa mguu aliyekuwa akipita kwa magongo alisimamishwa, akapewa habari.

Bibi wa pili alikuwa mama wa mkaza mwana, fundi cherehani mrefu mwenye ulimi mkali kuliko mkasi wake. Alifika na mfuko mkubwa wa nguo ndogo alizoshona kwa miezi kadhaa. Wakwe hawa walipendana kwa namna yao, yaani walitaniana bila huruma. Mtoto hajafumbua macho vizuri, wao walikuwa wameshaanza kumgombania kama wake wenza.

"Mume wangu amefanana na mimi," alisema fundi cherehani.

"Mume wako? Huyu ameshaoa, mkwe. Umechelewa harusi."

Utani ulikatika siku iliyofuata. Damu ya mtoto haikuwa kundi moja na ya mama yake, na damu za namna hiyo zikigombana tumboni, mtoto hulipa baada ya kuzaliwa. Mama Taa ndiye aliyeiona manjano kwanza. Alibonyeza ufizi wa mtoto kwa kidole, akaachia, akatazama. Akatazama nyayo. Alimwita daktari wa watoto, mwanamke mtulivu asiyependa maneno mengi, na vipimo vikarudi vikiwa juu.

"Anaingia chini ya taa sasa hivi," daktari aliwaambia wazazi. "Kiwango chake kipo karibu na mstari ambao siupendi. Kwa hiyo hatolewi ila kunyonya na kubadilishwa nepi, na hayo yafanyike upesi. Taa ikimsaidia, vizuri. Akiuvuka mstari, itabidi tumbadilishe damu. Ni kazi kubwa kwa mwili mdogo kama huu, na ina hatari zake."

Mkaza mwana alilia. Mama Taa alimshika bega. "Mwanangu, hakuna mtoto aliyewahi kunishinda chini ya taa hizi. Huyu naye ataoga mwanga mpaka achoke."

Mtoto alipelekwa chumba cha taa, kitanda cha pembeni. Nyuma yake wakafuata mabibi wawili. Mlangoni Mama Taa aligeuka, akanyoosha mkono kama askari wa barabarani.

"Mkwe, karatasi unaiona?"

Fundi cherehani aliisoma polepole, herufi kwa herufi. "Bibi haingii. Sawa. Na wewe unakwenda wapi?"

"Mimi ni muuguzi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwanao hajaota meno."

"Na bibi umekuwa tangu jana. La jana ndilo jipya, mwenzangu. Njoo tukae wote benchini, nikupe chai."

"Kazi ni kazi, mkwe."

"Haya nenda," alisema fundi cherehani akijitupa benchini. "Mkuki kwa nguruwe."

Chumbani alikuwemo muuguzi aliyekuwa msaidizi wake wa miaka mingi, mama wa watoto wawili, ambaye wote walimwita Kicheko kwa kuwa hakuweza kuuzuia mdomo wake usicheke hata kwenye mikutano. Naye, kwa adabu, aliuliza swali lilelile kwa njia ya pembeni.

"Mama Taa, nimchukue mimi huyu wa pembeni? Wewe ubaki na hawa wengine?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Damu ni nzito."

"Damu nzito ni ya huyo mtoto, ndiyo tunayotaka kuitibu. Mimi nitamhudumia kama yeyote."

Kicheko alicheka, kisha akaona kwamba hakikuwa kichekesho, akaenda zake kubadilisha nepi nyingine.

Hapa ndipo mambo yalipoanza kupinda, na yalipinda kwa adabu sana, maana kila alichofanya Mama Taa kilikuwa na sababu ya kitaalamu. Kitambaa cha macho kilimteleza mtoto kidogo. Ni kazi ya muuguzi kukirekebisha, nani atakataa? Akamtoa chini ya taa ili akirekebishe vizuri. Kukirekebisha kulichukua nukta chache, kumtazama usoni alipokuwa hana kitambaa kulichukua muda zaidi. "Hodi, mume wangu," alimnong'oneza. "Karani wako ameshapata kiti?"

Baadaye akapima joto la mwili. Joto hupimwa mtoto akiwa palepale kitandani, lakini alimwona kama amejikunyata, akampakata apate utulivu. Kisha nepi. Nepi ilikuwa kavu, lakini huwezi kujua nepi ni kavu mpaka uifungue, na ukishaifungua lazima umnyanyue. Kisha mtoto akapiga chafya. Chafya ya mtoto wa mwingine ni chafya, ya mjukuu inataka uchunguzi. Kisha akatilia shaka rangi ya ufizi, na ufizi hauonekani vizuri kwenye mwanga wa bluu, kwa hiyo, kitaalamu kabisa, akambeba hadi dirishani.

Ndiyo, dirishani. Palepale alipomfukuza yule bibi wa jua la Mungu.

Mchana ule ulipita, na uliofuata, kwa mtindo huohuo. Kila safari ilikuwa fupi, kila safari ilikuwa na jina zuri. Hakuna hata moja aliyoihesabu kuwa ni kumbeba mjukuu. Alikagua, alirekebisha, alipima, aligeuza. Mtu mzima anayejidanganya hahitaji uongo mkubwa, anahitaji kweli ndogondogo nyingi tu. Kicheko aliona. Lakini aliyemfundisha kazi ni Mama Taa, na kumwambia mwalimu wako kwamba anakosea hesabu ya kwanza kabisa aliyokufundisha kunahitaji kifua. Kicheko hakuwa nacho. Alikuwa na kicheko tu, nacho kikapotea.

Vipimo ndivyo vilivyopiga kelele. Asubuhi, baada ya zamu ya usiku, manjano ilikuwa imeshuka. Jioni, baada ya zamu ya mchana, ilikuwa imepanda kuliko mwanzo. Asubuhi iliyofuata ikashuka tena kidogo. Adhuhuri daktari hakungoja jioni, aliagiza kipimo kingine. Ikawa imepanda tena, na safari hii imeugusa ule mstari.

Daktari alisimama mbele ya kitanda cha pembeni, mikono nyuma. "Usiku inashuka, mchana inapanda. Taa gani hii yenye tabia za popo?"

"Labda umeme, daktari," alisema Mama Taa, na alisema kwa moyo safi. "Mchana mashine za kufulia zinafanya kazi. Huenda zinakula umeme wetu, taa inafifia."

Lilikuwa wazo la maana. Akaitwa fundi wa vifaa, mwanamume mwembamba aliyezungumza na mashine kwa upole kuliko na watu. Alikuja na mita yake ya kupimia mwanga, akaiweka juu ya godoro pale anapolazwa mtoto, ambaye wakati huo alikuwa kwa mama yake akinyonya. Akaangalia mita. Akapanda ngazi, akaangalia taa moja moja. Akapima umbali kutoka kwenye taa hadi godoroni. Akaenda mwenyewe kwenye chumba cha kufulia, akaagiza mashine zote ziwashwe kwa pamoja, akarudi mbio, akapima tena.

"Jamani," alisema akiipigapiga taa mgongoni kama ng'ombe aliyefaulu mnada, "huyu hana tatizo. Ni mzima kuliko mimi. Mimi ndiye ninayefifia mchana."

"Una hakika?" aliuliza daktari.

"Daktari, taa hii ukimlaza chini yake mtu mwongo, atatubu."

Fundi alikunja ngazi yake, akaondoka. Daktari hakucheka. Aliwatoa Mama Taa na wazazi wa mtoto pembeni, mama mzazi akiwa kwenye kiti cha magurudumu na mtoto kifuani, akasema kwa sauti ya chini. "Kama taa ni nzima na mtoto ananyonya, na bado inapanda, basi damu yake inavunjika kwa kasi ambayo mwanga hauwezi kuishinda. Sitaki kusubiri jioni. Naagiza damu. Ikifika tunambadilisha. Tafadhali mtoto arudi chini ya taa wakati tunajiandaa."

Mwanawe Mama Taa, kijana mrefu aliyekuwa akificha hofu kwa kukunja uso, alimgeukia mama yake. "Mama, hii kitu ni ya lazima?"

"Daktari akisema, mwanangu, ni ya lazima," alisema.

Mtoto akarudishwa kitandani. Mama Taa akatoka kwenda kumpa mkwe wake habari, kwa kuwa hilo nalo ni kazi ya muuguzi. Fundi cherehani alikuwa amesimama kwenye kioo cha mlango, pua karibu igandie. Hakugeuka.

"Mkwe, hali si nzuri sana. Wanataka—"

"Ngoja kwanza nikuseme," fundi cherehani alimkata. "Nina donge moyoni tangu jana. Mimi nimekaa kwenye hili benchi mpaka limechukua umbo langu. Sijamgusa mtoto hata ukucha. Nikasema sawa, sheria, mimi ni mtu wa sheria. Lakini wewe mwenzangu unafaidi mno! Kila nikichungulia, umempakata. Nikienda chooni nikirudi, umempakata. Nikinywa chai, umempakata."

"Namkagua, mkwe."

"Unamkagua kwa busu?"

"Nilikuwa naangalia joto."

"Kwa mdomo? Na ule wimbo uliokuwa unamwimbia dirishani, ulikuwa wa kupima nini? Mapigo ya moyo?" Hapo akageuka. Alikuwa hatanii tena, macho yake yalikuwa mekundu. "Sisemi usimpende. Lakini kama kubebwa kunaruhusiwa, tubebe wote. Jana mchana kutwa umekuwa naye wewe. Usiku zamu yako ikiisha ndipo maskini analazwa, hakuna wa kumshika. Mwanao mwenyewe nimemwambia: mtoto wetu mchana ana bibi, usiku ana taa."

Fundi cherehani hakujua alichokisema. Alikuwa na wivu tu, wivu halali kabisa wa bibi. Lakini Mama Taa alisikia. Mchana ana bibi, usiku ana taa. Usiku inashuka. Mchana inapanda. Alisimama pale ukumbini na mdomo wazi, kama mtu aliyetafuta funguo nyumba nzima huku anazo mkononi.

"Mkwe?" aliuliza fundi cherehani. "Nimekuudhi?"

Mama Taa aliangalia mikono yake.

Nitasema wazi lililopita moyoni mwake, kwa sababu wengi wetu tungepitiwa na hilohilo. Angeweza kunyamaza. Kicheko asingesema. Mkwe wake hakujua uzito wa alichokiona. Daktari angeendelea na mpango wake, damu ingebadilishwa, mtoto huenda angepona, na jina la Mama Taa lingebaki jeupe kama shuka zake. Angejitetea hata mbele ya Mungu kwamba hakuamua yeye, aliamua daktari. Lakini daktari aliamua kwa kufuata vipimo, na vipimo vile vilikuwa vimechafuliwa na mikono yake. Mtoto asiye na kosa angewekewa mpira kwenye kitovu na kutolewa damu yake kidogokidogo, na kuingia hatarini, kwa sababu bibi yake aliona haya. Mchuma janga hula na wa kwao. Safari hii mchumaji angempisha wa kwao ale peke yake.

Alirudi ndani. Daktari alikuwa kwenye simu akiuliza damu. Wazazi wa mtoto walikuwa wamekaa pembeni, Kicheko akiandaa vifaa. Mama Taa aliinua mkono kama mwanafunzi.

"Daktari, weka simu kidogo."

"Mama Taa, kuna haraka."

"Weka, tafadhali. Taa haina kosa. Na damu yake pengine haivunjiki kwa kasi unayoidhani. Mtoto hakuwa chini ya taa."

Daktari alishusha simu. "Hakuwa chini ya taa, alikuwa wapi?"

"Alikuwa kwangu."

Watu wote walimtazama. Akaendelea, na sauti yake ilikuwa ileile aliyowafundishia mama wazazi. "Nimekuwa nikimtoa. Kitambaa, nepi, joto, chafya. Nimempeleka mpaka dirishani. Nikijumlisha, mchana alikuwa mikononi mwangu karibu sawa na alivyokuwa kitandani. Ukiangalia vipimo vyako, daktari, anashuka ninapokwenda nyumbani."

"Mama!" alisema mwanawe. Neno moja tu, lakini Mama Taa angependelea atukanwe.

Daktari alimgeukia Kicheko. "Ni kweli?"

Kicheko aliangalia sakafu. "Ni kweli, daktari. Nilishindwa kusema."

Mtoto wa kitanda cha kati akaanza kulia. Kisha daktari akazungumza, polepole. "Damu ije, ikae tayari. Hatubadilishi bado. Taa ya pili iongezwe upande wa pili wa kitanda. Hakuna wa kumgusa huyu mtoto isipokuwa mama yake wakati wa kunyonyesha, na Kicheko kwa nepi. Tunapima tena jioni. Kama imeanza kushuka, tumepona. Kama haijashuka, tunaendelea na mpango." Akamtazama Mama Taa. "Na wewe, mama, mlango unaujua. Kilichoandikwa pale unakijua kuliko sote."

Mama Taa akatoka. Hakungoja kusukumwa, hilo tumhesabie. Fundi cherehani alimwona akija na uso ule, akasogea benchini bila kuuliza, akampisha. Walikaa bega kwa bega, na Mama Taa akamweleza yote, hakuficha kitu, wala ile habari ya dirishani.

Fundi cherehani alisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo mimi hapa benchini, bila kufanya lolote, nilikuwa muuguzi mzuri kuliko wewe?"

"Kuliko mimi, mkwe. Kwa mbali."

"Haya. Na ningeingia mimi, ungenifanya nini?"

"Ningeita walinzi."

"Nilijua." Akamimina chai kwenye kifuniko cha chupa, akampa. "Kunywa. Nina hasira na wewe, na nitakaa nayo muda. Ila leo kunywa kwanza."

Mwanawe alipita mbele yao mara kadhaa kwenda na kurudi. Alimwamkia mama mkwe wake. Lakini mama yake mzazi alimpita kana kwamba hakumwona.

Jioni taa zilizimwa kidogo, kisigino cha mtoto kikachomwa, damu ikapelekwa maabara. Mabibi wawili walisimama kwenye kioo, mfupi akiwa amepanda kwenye kijisanduku cha kuwekea mabuti ili afikie. Mtoto alikuwa amelala kwenye bluu ile, miguu imeachana, nepi tu mwilini, amevaa kitambaa chake cha macho kama tajiri aliye ufukweni.

"Hana hata habari na sisi," alinong'ona fundi cherehani.

"Ndivyo inavyotakiwa," alisema Mama Taa, na machozi yakamtoka.

Kicheko ndiye aliyeleta majibu. Alifungua mlango, akawatazama, akajaribu kuwa na uso wa kazi, akashindwa. Kile kicheko kilichopotea kilirudi chote kwa mkupuo mmoja. "Imeshuka," alisema. "Imeshuka vizuri. Daktari amerudisha damu."

Fundi cherehani alipiga kigelegele kimoja, akakumbuka alipo, akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Mama Taa hakupiga kitu. Alikaa kwenye kile kisanduku, akashukuru.

Kutoka hapo mtoto alishuka mchana na usiku, kama taa inavyotaka. Siku ya kuruhusiwa alivishwa suti aliyoshonewa, imempwaya, na akatoka hospitalini akiwa mikononi mwa fundi cherehani. Mama wa mtoto ndiye aliyeamua hivyo, na hakuna aliyebisha.

Mtoto alipona kabisa. Lakini alikaa chini ya taa siku zaidi ya alizopaswa, na alichomwa visigino mara nyingi zaidi ya ilivyohitajika. Mwanawe Mama Taa hakumpigia simu kwa miezi miwili. Kicheko alipewa kusimamia chumba cha taa. Mama Taa alihamishiwa chumba cha kufunga vidonda, na mpaka alipostaafu hakurudishwa kwa watoto wachanga.